Mshika Tochi

Kazi yangu ni tochi.
Bunduki ni ya mhandisi Lyatuu wa Mikocheni.
Kibali ni cha Pazi, kinaning'inia shingoni mwake
kama kitambulisho cha mtihani;
gari ni la Pazi pia, na maji ya chupa, na viti vya kukunja,
na lile neno lake, "mgeni wangu."
Mimi ni tochi. Nyekundu, maana nguruwe, asema Pazi,
rangi hiyo haioni.
Sijui nani alimuuliza.

Tulimpokea Chanika saa tatu usiku,
watu bado wanakaanga chipsi.
Buti mpya, kila hatua zinalia nyii, nyii.
Pazi akamvua, akampa raba za shemeji yake.
Marashi nayo yalikuwa makosa,
lakini marashi hayavuliwi.

Shamba liko Mvuti, la mama yangu, Bi Siwema:
ekari moja na nusu, muhogo mtupu.
Nyuma yake viwanja vya watu wa mjini
wasioonekana, bikoni tu na kichaka cha kifuani.
Humo wamehamia nguruwe, bila hati.
Mama alipokwenda ofisi ya mtaa alilalamika kwa vina,
hata mtendaji akasahau kugonga muhuri:

*Mchana nalima mimi, usiku wavuna wao,*
*jembe langu, jasho langu, na chakula ni cha kwao;*
*nimefunga na makopo, wamefanya ngoma hao,*
*nimekesha, nimechoka, nani ana dawa yao?*

Dawa ndiyo hii: imekaa kwenye kiti cha kukunja,
inajipapasa kitambi.
Upande wa mjini mbingu ina rangi ya chai ya maziwa,
ndege zinashuka moja moja kuelekea Kipawa.
Lyatuu akaninong'oneza kwamba maisha yake yote
hajaua kitu kikubwa kuliko mbu.
Akampiga mmoja, pa!
Pazi akamtazama mpaka akaomba radhi.

Saa saba. Saa nane kasoro.
Kwanza harufu, kama gunia lililolowa.
Kisha kutafuna,
kutafuna kwa mtu aliye peke yake jikoni,
asiyejua kuna wageni sebuleni.
Pazi akanigusa bega.
Nikawasha.

Dume. Mgongoni manyoya meupe,
kama katoka kuoga na taulo.
Muhogo ulikuwa bado mdomoni.
Alitazama mwanga, akatazama tena,
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Mlio ule uliamsha mbwa hadi Zingiziwa.

Basi zikaanza picha.
Pazi akamfuta damu puani, akamtegea kijiti mdomoni.
Lyatuu akapiga goti, akasimama, akapiga goti lingine.
"Sogeza tochi. Usimmulike usoni."
Usoni pa nani, sikuuliza.
Robo saa tunapiga picha,
na kule mwisho wa shamba, kwenye matuta ya mbegu mpya,
wenzake walikuwa wanaendelea kula.
Niliwasikia. Pazi naye aliwasikia.
Mgeni wake alikuwa amelipia mmoja.

Mama akatoka na kanga mbili na panga.
Hakumtazama mnyama, alitazama mti aliokuwa ameuangusha.
"Asiburutwe juu ya muhogo wangu," akasema. "Mzungusheni."
Wakamzungusha kwenye viwanja vya watu,
Lyatuu mguu wa nyuma, Pazi wa mbele,
raba za shemeji zikibaki topeni.
Mwenye kitimoto alikuja na bodaboda kutoka Gongo la Mboto,
akauliza kilo kabla ya salamu.

Kulipokucha mama alikuwa mlangoni,
ndoo ya maji, na udongo kwenye kifuu.
"Mara saba," akasema. "Ya kwanza kwa udongo."
Nikamwambia sikumgusa, mama.
Sikumkaribia hata.
Nilishika tochi tu.

Akaitazama ile tochi mkononi mwangu, muda mrefu.

"Basi ioshe."