Kibendera

Jumatatu haina mpira. Jumatatu ni deni.
Naamka koo limekauka kwa kelele za jana,
nafuta ubao wa banda umiza kwa kitambaa kibichi,
matokeo yanageuka maziwa, yanatiririka
mpaka kwenye kandambili zangu.
Bosi Chibago anasema, "Andika kubwa, Sechelela,
watu wa Nkuhungu hawavai miwani."
Naandika. Saa moja usiku. Saa nne. Kiingilio mia tano.
Elfu tatu kwa siku, na kutazama bure,
mradi nisimame mlangoni
na jicho moja limwone anayepita bila kulipa.

Jumanne niko Mpunguzi, shambani kwa shangazi.
Zabibu za Agosti, nyeusi, zina vumbi
kama nyusi za utingo wa lori.
Nakata kikonyo, naweka kwenye kreti, nakata, naweka,
na kichwani natangaza: anapokea, anageuka, krosi hiyo,
hadi shangazi anauliza naongea na nani.
Jioni ananipa elfu sita
na wavu mkuukuu wa kuzuia ndege, umetoboka pembeni.
"Wa nini huu?"
Goli la kusini liko uchi, shangazi.
Kila Jumamosi tunapigana kwa sababu ya mpira
ambao hatujui ulipita ndani au nje.

Jumatano nilikwenda Makole kuulizia kozi ya uamuzi.
Karani alinitazama kuanzia raba hadi kitambaa cha kichwani.
"Elfu themanini. Na filimbi uje na yako."
Kwenye kopo la maziwa ya unga nina thelathini na moja.
Njia nzima nikapiga hesabu kwa mguu:
siku kumi na moja za chaki,
Jumanne tatu za zabibu,
na nisile chipsi.
Inabaki elfu mbili. Filimbi ya plastiki, basi.

Alhamisi sitaki kuisema.
Umeme ulikatika dakika ya themanini,
watu wakadai mia tano zao,
na mlangoni nilikuwa mimi.

Jumamosi, ndondo, uwanja wa shule.
Mistari ni ya majivu, upepo umeshakula kona mbili.
Mtaa wetu na Chang'ombe. Kaka yangu Ndahani namba tisa.
Mshika kibendera hakutokea;
wengine walisema harusi, wengine ng'ombe kazaa.
Refa akapaza sauti: "Nani hapa anajua kuotea?"
Wanaume wakatazamana.
Nilivua kitambaa changu chekundu,
nikakifunga kwenye mpini wa ufagio.

Dakika ya themanini na nane, bila bila.
Pasi ikapenya. Ndahani akaikuta nyuma ya mabeki,
akageuka, akapiga,
na wavu wa shangazi ukanasa kitu
ambacho kwa mara ya kwanza hakikuwa ndege.
Mtaa ukapasuka. Na mimi nikapasuka,
"Goooli!" niliisikia sauti yangu mwenyewe,
na mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

Kati ya kuota na kuotea kuna irabu moja.
Niliiona.
Kitambaa kilipigwa na upepo juu ya kichwa changu kitupu,
na watu walionifundisha kushangilia
wakaniita majina ambayo mama hayajui.

Jumapili mlenda ulipita mezani bila salamu.
Ndahani alikaa kanipa bega.
Mama: "Si ungefumba hata jicho moja, mwanangu?
Ni kaka yako."
Nikamega ugali, nikauviringa mpaka ukapoa.
Refa alikuwa amenipa elfu mbili na nusu kiganjani,
bado zilinuka jasho la mfuko wake.

Kisha Ndahani, akitazama ukuta:
"Unyayo mzima, au vidole?"
"Vidole."
Alinyamaza muda mrefu.
Akasogeza bakuli upande wangu, kidogo.

Nyuma ya mlango kitambaa bado kimefungwa.
Mama anataka kufagia.