Wota

Kabla sijaingia masomo ya ngumbaru
nilikosea neno moja, likanila nusu mshahara.

Madamu Njambi alikwenda Nairobi kwa treni, siku nne,
akaniachia funguo, noti ya elfu moja, na kikaratasi
kwenye mlango wa friji, kimebanwa kwa sumaku ya nanasi.
Maneno mawili. Nikayasoma kwa kidole, herufi kwa herufi.
La kwanza, wota: nalijua, limo kwenye kila chupa.
La pili nalijua pia, limo kwenye paketi ya sabuni, maua.
Maji. Maua.
Basi, nikasema, hii ni orodha ya dukani.

Nikateremka ngazi, nikanunua katoni ya maji ya chupa,
nikavuka barabara ya Nyali hadi kwa muuza maua,
nikachagua waridi sita zilizoviringwa nailoni,
nikazipanga mezani, katoni kando yake,
na chenji juu ya risiti, shilingi kwa shilingi,
mimi mwaminifu.
Nje kwenye roshani vyungu vinne vya asumini
vilikuwa vikinitazama kupitia kioo.
Siku ya nne majani yamejikunja kama majani ya chai.

"Si nilikwambia uyanyweshe!"
Hakuniambia. Aliniandikia.

Ndipo nikaenda Mishomoroni, Jumanne na Alhamisi,
baada ya magharibi, kwenye viti vya watoto wa chekechea,
magoti yetu yakigusa videvu.
Mwalimu Swabaha akaandika wota ubaoni mara mbili.
Ya kushoto akaiita nomino, ya kulia kitenzi.
Tukatafuta tofauti, hata ya nukta. Hakuna.
Kazungu, asukumaye mkokoteni wa mitungi, akauliza:
"Sasa mtu atajuaje, Mwalimu? Hakina ku-?"
Hakina. Neno lilelile asubuhi laamka jina,
adhuhuri limeshakwenda kazini,
wala halikubadili shati.

Tukalijaribu la kwetu. Kumaji.
Darasa zima likacheka, mpaka mlinzi akachungulia.
Maji ya Kiswahili yamekaa kitako, hayainuki,
yataka yachotwe, yatekwe, yatiwe, yamwagiliwe,
yapandishwe ngazi kichwani, yahesabiwe kwa mtungi.
"Sisi ndio twayafanyia kazi," akasema Nyevu,
"yenyewe hayajamfanyia mtu."

Mwalimu akataka sentensi, neno liingie mara mbili.
Nikaandika, kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino,
kwamba kila asubuhi naiwota asumini ya watu
kwa wota ambayo kwangu haijatoka bombani
tangu Ijumaa ile nyingine.
Akapiga tiki. Lakini hakuondoka,
alisimama pale na chaki yake, kama aliyesahau zamu ya nani.
Kisha akasema, polepole, kuna matumizi mengine:
kwa Kiingereza macho nayo huwota.
Hakutoa mfano. Nikaliandika pembeni mwa daftari.

Na zile waridi, kama wataka kujua,
Madamu alizitia kwenye jagi, zikadumu siku tisa.
Mimi ndiye niliyezibadilishia maji,
ya chupa, kutoka katoni niliyokatwa.

Tulipotoka usiku ule bomba la uani lilikoroma,
likatema hewa na kutu, likanyamaza.
Nikamfuata Kazungu kwenye mkokoteni wake.
"Nipe nomino mbili," nikamwambia.
Akacheka, akafuta mikono kwenye kikoi.
"Nomino zimepanda, dada, arobaini kila moja.
Kitenzi ndicho cha bure."

Nikamlipa. Nikabeba, mmoja kila mkono,
vishikio vikinikata vidole,
orofa ya kwanza, ya pili, nikipumzika kwenye kona
na kulitamka neno kimyakimya,
nisijue saa ile nalitumia lipi.