Urefu wa Macho

Ukumbi wa maktaba, Oulu, kaskazini ya Ufini,
Januari, saa tisa mchana na giza limeshaingia.
Tulipanga viti ishirini. Wamekuja saba.
Kazi yangu ni ndogo: kufuta miwani kwa spiriti,
kukaza mkanda kisogoni,
kusema, "Usiogope, sakafu ipo."

Ndani ya miwani mtaa wa Koskiranta umeshajengwa.
Mapaa yamevaa paneli za jua,
tramu inapita kimya kama wazo,
na watu wembamba wasio na vivuli
wanatembea bila kubeba chochote.
Joonatan, aliyeuchora, anaupenda
kama mtu apendavyo barua aliyojiandikia.

Wa kwanza alisema: pazuri.
Wa pili alishikwa na kizunguzungu, akaomba maji.
Wa tatu aliutafuta mlango wa nyumba yake,
akavua miwani taratibu, akaketi, hakusema.

Kisha Hilkka Ojaniemi akasukuma magurudumu yake hadi mbele.
Nikamvika. Akashtuka:
"Mbona naelea? Nani kaniinua?"

Nikatazama skrini. Macho: sentimita mia na sabini.
Ndio urefu wa macho ya Joonatan, na viatu vyake.
Nikashusha. Mia na kumi na nane.

Mto ukatoweka.
Palipokuwa na maji pakasimama ukuta wa zege.
Kitufe cha kuvukia barabara kikapaa,
ubao wa ratiba ukabaki kuakisi mawingu.
Sisi tuliokuwa nje tuliona mkono wake tu,
ukipapasa hewa ya maktaba.

"Na theluji," akauliza, "mmeiweka wapi?"

Joonatan akacheka. Kisha akaacha.
Mle ndani ilikuwa Juni.
Miaka mitatu ya kazi, kila siku Juni.

"Alfajiri hupita jembe la theluji," akasema,
"rundo likasukumwa pembeni.
Pembeni ndiko njia yangu.
Mji wenu una akili, sikatai:
unajua pipa lipi limejaa, taa ipi izimwe.
Je, unajua kwamba tangu Jumanne sijatoka?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nasi hata kukitandika hatujakitandika;
tumekichora tu.

Joonatan akavuta kiti, akaketi, akaomba miwani.
Alizunguka Koskiranta dakika kumi na moja.
Mara mbili aliinua shingo kama mtoto dirishani.
Alipovua alikuwa na alama nyekundu puani
na swali moja, dogo, kwa Hilkka, si kwangu:
"Ukuta huo, tuukate wapi?"

"Kwanza theluji," akamjibu, akivaa glavu.

Usiku nilizima mitambo, nikafunga nyaya,
nikafuta ukungu wa pumzi zao kwenye vioo.
Namba sikuirudisha.
Kesho atakuja diwani mmoja mrefu,
atasema mashine imeharibika.