Nafasi ya Uzoefu

Fomu ina kurasa mbili. Kalamu imefungwa kwa uzi
kwenye dirisha la ofisi ya maghala, Barabara ya Nyerere,
na uzi ni mfupi, unanilazimu kuinama
kama ninayemfunga kamba za viatu mtu nisiyemwona.

Jina: Mahimbo Selemani Kindamba. Hilo rahisi.
Tarehe ya kuzaliwa: nairuka kwanza.
Uzoefu wa kazi: mistari mitatu mitupu,
imenyooka kuliko ule wa pembeni, pale Keko,
tuliouchora kwa majivu kila Jumamosi,
mvua ikaufuta, tukauchora tena.

Niandike nini? Kwamba nilikuwa beki tatu?
Atacheka huyu dada wa dirishani:
mtaani beki tatu ni msichana wa kazi.
Na kweli nimefua.
Kocha Chitemo, fundi friji, hakuwa na filimbi wala hotuba.
Ukichelewa mazoezi ya alfajiri,
bibu kumi na nane ni zako,
na sabuni ununue mwenyewe.
Nilifua mara mbili. Ya tatu haikuwapo.

Niandike kelele?
“Mtu nyuma!” “Geuka!” “Acha, wangu!”
Neno moja, limfikie mwenzako
kabla hajajua kuwa analihitaji.

Au ile mechi na vijana wa Mtoni,
nilipotoa pasi ya nyuma, ya kivivu, ya kujidai,
wakatufunga.
Dastani, kipa wetu, hakunitukana.
Aliufuata mpira hadi mtaroni, maana wavu hatukuwa nao,
akaufuta matope kwa jezi yake.
Dakika mbili baadaye akadaka mwingine
na akanirushia mimi, mimi yule yule,
kwa mkono, taratibu,
na watu wote wakitazama.
Hilo linajazwaje kwa herufi kubwa?

*Ambatanisha vyeti.*
Ninacho kimoja, ndani ya bahasha ya kaki:
BEKI BORA, vijana chini ya miaka kumi na saba.
Muhuri wa zambarau, sahihi mbili.
Mwaka ule nilikuwa na kumi na tisa.

Mfadhili wetu, Bwana Ngwale wa vipuri,
alikuja na karatasi mpya, wino haujakauka vizuri.
“Kuanzia leo umezaliwa upya,” akasema.
Wakacheka. Nami nikacheka.
Asubuhi ya fainali nilinyoa ndevu mara mbili, gizani,
nisimwamshe mama.

Namba saba wa Yombo: mtoto mwembamba,
magoti kama vifundo vya muwa.
Mara ya kwanza alinipita kwa akili, nikabaki na vumbi.
Mara ya pili nikamtangulizia bega,
bega la miaka kumi na tisa.
Alikaa chini akanitazama, si machoni,
kidevuni.
Hakusema kitu. Akajipangusa, akarudi nafasi yake.
Tulichukua kombe. Tulipanda gari la Ngwale tukiimba
na mimi niliimba kuliko wote.

“Kaka, wenzako wanasubiri.”

Mstari wa mwisho, chini kabisa, kwa maandishi madogo:
*Nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli.*
Kalamu inavuta uzi. Narudi juu.
Naandika siku, na mwezi,
na mwaka anaoukumbuka mama yangu,
mwaka ambao kile cheti hakiujui.

Kwenye uzoefu naandika: Nafika mapema. Nikikosea, nasema.
Mstari wa tatu nauacha.

Dada anapitisha kidole karatasini, anasita.
“Vyeti je?”
Bahasha nimeshaikunja mara nne, iko mfuko wa nyuma,
inanichoma kama kiraka.
“Sina,” nikasema,
kwa sauti ile ya uwanjani, sikukusudia,
hadi waliokaa benchi wote wakageuka.