Moja Hadi Kumi

Daktari anauliza: maumivu ni ngapi,
moja hadi kumi?
Bibi ananitazama. Mimi ndimi ulimi wake
tangu darasa la tano,
nikitoka shuleni mapema kwa barua
niliyoiandika mwenyewe, baba akatia sahihi tu.

Naligeuza swali kuwa Kigujarati.
Analisugua goti kwa ncha ya sari,
sari ya pamba chini ya koti la mjomba,
anaanzia mbali:
kisima cha Nadiad, ndoo ya shaba,
utelezi wa mwaka ule baba alipozaliwa,
na ngazi za hapa Edison, theluji ikigoma kuyeyuka,
na nyumba kimya toka saa mbili asubuhi
mpaka sote turudi.
Daktari anaitupia jicho saa ya ukutani.
"Tatu," nasema.

Simwambii kwamba dawa za presha
huja katika sanduku la shangazi Ilaben,
zimebanwa kati ya achari na papadi;
kwamba Bibi huzikata nusu
kwa kisu cha kumenyea tangawizi,
maana bima imemwambia asubiri miaka mitano,
yeye wa sabini na mbili.
Naye Bibi simwambii bei ya kuketi humu.
Nimekuwa chujio la chai:
kioevu napitisha,
majani yanabaki kwangu, ya moto.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Na anayemfichia?

Wanamfunga mkono. Mashine inavuta pumzi,
haihitaji mkalimani.
Mia moja tisini na nne.
"Anakunywa dawa zake?" Nafungua kinywa,

na Bibi ananiwekea kiganja gotini.
Anainua mkono wa kulia,
anahesabu kama ahesabuvyo vikombe vya unga,
kidole gumba kikipanda pingili kwa pingili:
kidole cha kwanza, tatu, hakisimami;
cha pili, sita, hakisimami;
kinafika ncha ya kidole cha tatu
kinatulia.

Kisha anafungua kibeti,
anatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne,
anakifungua juu ya meza ya daktari.
Nusu za vidonge, nyeupe, kumi na moja,
na vumbi lake.

Daktari anasogeza kiti.
Mara ya kwanza leo
hanitazami mimi.