Kabati la Vinka

Siku tatu baada ya maziko tulifungua kabati,
na harufu ikatoka kabla mlango haujalia.
Vifuko kumi na viwili vya lavenda,
kimoja kwa kila shuka,
vimeshonwa kwa pazia kuukuu la urujuani
lililoliwa na jua
hadi likawa rangi ya mshipa chini ya ngozi.
Nondo? Hata mmoja.

Zamani Jure aliyavuna maua haya juu ya Brusje,
kati ya kuta za mawe, mundu mkononi,
nyuki wakimstahi.
Akirudi, Vinka humzuia mlangoni:
"Kaoge! Wanuka kama duka la dawa."
Kisha Jure akapanda meli ya Chile.
Barua tatu. Basi.

Kifuko cha mwisho hakikuchakarika.
Dobrila alikifumua kwa meno:
ndani, kola ya shati,
imekunjwa mara nne, haijafuliwa,
mstari wa jasho la shingo ungalipo.

Akainusa. Akainusa tena.
Akatupitishia, mmoja mmoja,
hata mtoto.

Lavenda. Lavenda tu.

Miaka hamsini maua yamelinda uzi,
na mwenye shati
yamemla.