Septemba Ukutani

Kalenda ilikuwa ya duka la vipuri, pale Chikongola,
na mwaka wake ulishakufa zamani,
lakini ukurasa wa Septemba hatukuubandua:
barabara moja nyeusi, imenyooka kama uzi uliokazwa,
huku na huku mchanga na majabali mekundu,
na chini, kwa herufi za kusomea karibu: Jangwa, Amerika.
Hakuna mtu pichani. Hata mbuzi.
"Siku moja tutapita hapo," alisema Dafroza,
pini zimembana midomo,
nami, nikipiga pindo la sare ya shule,
nikajibu inshallah, kama mtu anavyoitikia hodi.

Miaka kumi na tisa.
Nauli haikupatikana. Ilipatikana Suzuki
ya marehemu kaka yake, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba,
na Oktoba isiyo na wingu hata la kusingizia.
"Panda, Somoe. Liwale nako ni mbali."

Mingoyo tukala pweza, tukiwa tumesimama.
Ndanda tukajaza madumu matatu,
maji ya mlimani, baridi ya kuuma meno.
Kisha Masasi, na yale majabali
yamekaa mjini kama wakwe waliofika bila taarifa,
wala hakuna wa kuwauliza wataondoka lini.
Dafroza akasimamisha gari katikati ya barabara.
Bodaboda wakatutukania mama zetu.
Akatoa mkobani ule ukurasa, kaukunja mara nne,
akaunyoosha juu ya usukani,
akatazama huku, akatazama kule.
"Yao mekundu."
"Yetu yana watu," nikasema,
maana juu ya jiwe palikuwa na mwanamke
anageuza makopa yake, upande wa pili upate jua.

Kupita Nachingwea lami ilikatika
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Vumbi likaingia kwenye nyusi, kwenye mkate, kwenye saa.
Mikorosho ikaisha. Ikaja miti iliyoungua miguu,
mmoja, mwingine, mwingine,
na ni hapo, pasipo nyumba, pasipo mtandao,
ndipo aliponiuliza kuhusu elfu sitini.
Zile za cherehani.
Nilidhani alishasamehe. Alidhani nitaona haya mwenyewe.
Kilomita thelathini hatukusema neno.
Nilihesabu nguzo za umeme mpaka nguzo zikakoma,
nikahesabu vichuguu.

Mbwemkuru ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe wa kuumiza macho,
na daraja juu yake kama mzaha.
Tukateremka.
Mvulana alikuwa shimoni hadi kiunoni,
anachota kwa kikombe cha plastiki: kikombe kimoja,
anangoja mchanga utoe jasho, kikombe kingine.
Mnatoka wapi? Mtwara.
Mnakwenda wapi?
Tukatazamana, mara ya kwanza tangu zile nguzo.
"Kuangalia tu," akasema Dafroza.
"Kuangalia nini?"
Akampa picha. Akaishika kwa vidole vilivyolowa,
kwa muda mrefu, uso umemkunjamana kama mwenye hesabu ngumu,
halafu akauliza:
"Hawa wanachimba maji wapi?"

Hatukujua.
Dafroza akavua viatu, akaingia shimoni, akapokea kikombe.
Nikarudi garini, nikafungua pochi:
elfu arobaini na mbili.
Nikazitia kwenye kifuko cha miwani yake
nikakifunga taratibu, kisilie.

Liwale tuliiona usiku,
yaani taa moja, na mama aliyetuambia chapati zimeisha.

Picha alibaki nayo yule mtoto.
Ukutani pamebaki mraba mweupe na msumari,
wateja huuliza palikuwa na nini.
Kuhusu kile kifuko hajasema kitu.
Jana tu, akipima kola,
bila kuinua macho:
"Somoe, kumi na nane bado."